Zack, Utafuta Hiyo

Kitanda kilikuwa kimeshapanda lori. Godoro nalo, jiko la mafuta, ndoo mbili na sanduku la vitabu lililofungwa kamba ya katani. Mwalimu Drusilla Chepngeno, amevaa sweta nyekundu na gambuti, alisimama kando ya soko la Kericho akimhimiza Osoro, dereva aliyeleta mahindi kutoka Fort Ternan na sasa alikuwa anarudi tupu.

"Twende, mzee. Mvua ya saa nane inakuja."

"Twende aje, na yule anakimbia hivyo akituita?"

Alikuwa Zack Atuti, mpiga video wa harusi. Gunia begani, kamera shingoni, koti lake la mifuko mingi limejaa tope.

"Dru! Mpenzi, ngoja!"

"Usiniite mpenzi mbele ya soko. Umeniaibisha wilaya mbili nzima, haikutoshi?"

Na kweli alikuwa amemwaibisha. Walikutana mwaka uliotangulia, 1996, siku ya soko Chepilat. Zack alikuwa akirudi nyumanyuma akimpiga picha bibi harusi, mara akaketi juu ya nyanya za Drusilla.

"Bwana, macho yote umeweka kwa kamera," Drusilla alimwambia. "Huku nyuma unaonea nini?"

Zack akanunua nyanya zingine, akambebea kapu, na njiani akasikia shida yake. Shule yake haikuwa na maabara, wala shule jirani. Watoto walikariri majaribio ya kemia ambayo hawajawahi kuyaona. Vyombo alikuwa ameazima kwa wiki moja tu.

"Wewe fanya mara moja," Zack akasema. "Mimi nishike kamera. Wengine wataona."

Wakafanya. Mwanzo wa kaseti Drusilla alionekana ameshika karatasi ya manila iliyoandikwa: NAKILI, MPE MWENZAKO. HAIUZWI. Shule yenye deki ya video ikanakili, ikampa jirani, jirani akampa jirani.

Lakini hapo katikati, Drusilla akidondosha alkali ndani ya asidi iliyotiwa dawa ya kubadili rangi, maji yasiyo na rangi yaligeuka waridi ghafla, na sauti ya Zack ikasikika nyuma ya kamera: "Tone moja tu! Hata mimi nilibadilika hivyo, siku ile Chepilat."

Drusilla akacheka, akasema, "Zack, utafuta hiyo."

Haikufutwa. Muda si muda, watoto wa shule asiowajua wakawa wanamwita Drusilla kutoka ng'ambo ya barabara: "Zack, utafuta hiyo!" Wachuma chai nao. Mwalimu mkuu akamuuliza kama anafundisha kemia ama uchumba. Mama yake akaisikia kanisani, kwa akina mama wa kwaya. Drusilla akaenda kibanda cha simu.

"Hallo, studio?"

"Studio ya moyo wako, dia."

"Zirudishe zote."

"Zote? Si tuliandika mtu anakili? Sasa hata sijui ziko wapi, mami."

"Ulifanya makusudi! Unajisifia mbele ya watoto wa shule!"

"Dru, sikia..."

Shilingi zikaisha. Kesho yake akaomba uhamisho.

Sasa Zack alitua gunia, akalifungua. Limejaa kaseti.

"Hizi ni safi. Nimetengeneza ishirini, sauti yangu haimo. Nimezunguka wiki mbili kubadilishana na zile."

"Na zile ziko wapi?"

"Wamekataa."

"Nani amekataa?"

"Wote. Kule shule ya Boito, mwalimu Edinah amenifukuza kabisa. Anasema, 'Hiyo safi baki nayo. Wangu thelathini na nne walijua swali la rangi kwenye mtihani kwa sababu ya hayo maneno yenu. Mwambie mwalimu asante.'"

Drusilla akashika kichwa. "Kwa hivyo umebeba gunia kuja kuniambia umeshindwa."

"Ndiyo."

"Na kwa nini hukufuta mwanzoni? Sema ukweli, mzee Osoro anasikia."

Zack akatazama viatu vyake. "Nilifuta. Nilitengeneza mbili. Ile yenye kicheko chako nilitaka kubaki nayo. Zinafanana, Dru. Nikapeana ile siyo."

"Mbona hukusema?"

"Mwanaume aseme aje alitaka kaseti ya kemia ya kuangalia kila jioni?"

Osoro akalala juu ya usukani kwa kucheka. Drusilla alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka. Mama aliyekuwa akiuza kabichi karibu nao akageuka haraka. Alikijua kicheko hicho kutoka kwenye kaseti, mtoto wake alikuwa kidato cha nne.

"Basi nikuulize..." Zack akaanza.

"Weka kamera chini. Na uhakikishe imezimwa."

Akaiweka juu ya gunia, akauliza. Mvua ikaanza.

"Nitakujibu tukifika Fort Ternan," Drusilla akasema. "Panda."

Walioana Agosti 1998. Mama yake Drusilla alikuja harusini, baba yake hakuja. Drusilla alifundisha Fort Ternan miaka tisa. Zack alifunga studio ya Kericho, akafungua ndogo Kipkelion. Osoro aliuza lori akarudi kulima. Edinah alihamishiwa Bomet. Zile kaseti safi ishirini hakuna aliyezitaka, na Zack alirekodi harusi za watu juu yake. Ile nyingine iliendelea kunakiliwa, nakala ya nakala, mpaka waridi ikawa kijivu. Wanafunzi walijua maji yamegeuka waliposikia mwanaume akiongea.