Ukoo Mzima Ulipobonyeza

Tik. Tik. Tik.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Sauti ilitoka chumbani kwa Jobeda. Ilikuwa sauti ya ukucha ukigonga kioo cha simu. Jobeda alipomaliza, aliiweka simu chini ya mto, akatoka kwenda kutawadha. Njiani alimfunika mjukuu wake, Tuli, shuka iliyokuwa imemdondoka.

Jobeda anaishi ukingoni mwa mji wa Bogura. Anaishi na mwanawe Ruhul, fundi wa baiskeli, pamoja na Morjina, mke wa Ruhul. Tuli ni mtoto wao wa pekee.

Awali Morjina alishona katika kiwanda cha nguo huko Gazipur, na Tuli alibaki na bibi yake. Siku moja Morjina alirudi likizo. Mtoto alijificha nyuma ya sari ya bibi, akamwita mama yake shangazi. Morjina alicheka mbele za watu, kisha akaenda kulia jikoni. Jobeda alimkuta huko. Alimtoa upawa mkononi taratibu, akaendelea kukoroga dengu mwenyewe.

Morjina aliomba likizo ndefu isiyo na malipo, akatafuta kazi ya kufanya nyumbani. Akaanzisha tovuti. Humo aliandika kuhusu vyerehani: kipi kinakata uzi, kipi kina kelele, kipi kinaweza kushona jinzi. Chini ya maelezo aliweka kiungo cha duka kubwa la mtandaoni. Msomaji akikibonyeza, anafika dukani. Akinunua chochote humo, duka linajua kwamba aliletwa na Morjina, nalo linampa Morjina kamisheni. Bei ya mnunuzi haipandi.

Kamisheni zilianza kuingia. Kiwanda kilipompigia simu kwamba arudi baada ya Idi, la sivyo nafasi yake apewe mwingine, Morjina alijibu kwamba atafikiri. Moyoni alikwisha kuamua. Harudi.

Wiki moja baada ya Idi, duka likafunga akaunti yake.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Viungo vyake vilibonyezwa mara nyingi na watu wasiotaka kununua. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa familia yake. Hilo lilikuwa kinyume cha masharti, kwa hiyo kamisheni zote zilizuiwa.

Morjina aliusoma kwa sauti. Aliuliza ni nani aliyemchezea. Ruhul alisema hao watu wa duka ni matapeli. Alitaka wafungue akaunti nyingine siku hiyohiyo kwa jina la dada yake, Parul, mambo yaendelee kama kawaida.

Jobeda ndiye aliyekasirika kuliko wote.

"Wanasemaje hawaoni wanunuzi wa kweli?" alisema. "Mimi nabonyeza kila alfajiri kabla sijaswali. Parul anabonyeza. Dada zangu wa Naogaon wanabonyeza. Sikukuu nzima tumenunua kwako, hata ndoo!"

Alisema kwa fahari. Na ndivyo tulivyo huku kwetu. Ndugu akifungua duka, ukoo mzima huenda kununua siku ya kwanza, hata asiyehitaji kitu. Wengine husimama tu mlangoni, wapita njia waone watu. Asiyekwenda husemwa mpaka harusi ijayo.

Morjina alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "umenirudisha Gazipur kwa kidole chako."

Mchana Jobeda alipakua chakula kama kawaida, na kichwa cha samaki, kipande cha heshima, akakiweka kwenye sahani ya Morjina. Morjina akakirudisha chunguni. Tuli aliwatazama mmoja mmoja, akaacha kula.

Upande wa pili wa ukuta anaishi Dilruba. Ana tovuti yake kuhusu pampu za maji za wakulima, na hufundisha kina mama kompyuta. Ni mwanamke wa sauti kubwa. Alikuwa amesikia kila kitu, maana ukuta wenyewe ni bati. Jioni aliingia bila kubisha hodi, akaomba auone ule ujumbe, akausoma amesimama.

"Masharti ya duka uliyasoma?" alimuuliza Morjina.

"Yalikuwa marefu. Nilibonyeza pale pa kukubali."

"Basi wewe na mama mkwe wako mna kidole kimoja."

Morjina aliwaka. Alisema hakumwita mtu kuja kumtukana nyumbani kwake. Dilruba hakujali. Alivuta kigoda, akakaa, akaanza kueleza.

Duka hulipa kamisheni kwa sababu moja tu, alisema. Linataka mteja ambaye lisingempata lenyewe. Mama mkwe akinunua ndoo kupitia kiungo cha mkwe wake, duka halikupata mteja mpya. Limepunguziwa faida tu. Na mtu akibonyeza bila nia ya kununua, anawaonyesha wenye duka umati usiokuwepo.

"Mimi si mwongo," Jobeda alisema kutoka mlangoni.

"Najua, Shangazi." Sauti ya Dilruba ilishuka kidogo. "Lakini duka haliyaoni mapenzi yako. Linaona simu ileile, alfajiri ileile, na hakuna kilichonunuliwa. Wewe ungeona hivyo ungefikiri nini?"

Jobeda aliingia chumbani, akafunga pazia.

Ruhul alirudia habari ya kutumia jina la Parul. Dilruba alimgeukia. Alimwambia kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na huenda likasamehewa. La pili litakuwa udanganyifu, na atakayechafuka ni Parul.

Kisha alifungua tovuti ya Morjina, akasoma kimya. Akasimama kwenye maelezo ya cherehani kimoja kilichosifiwa sana.

"Hiki umewahi kukishonea?"

Morjina aliinamisha kichwa. Hakuwahi. Alikisifu kwa sababu kamisheni yake ilikuwa nono.

"Hapa ndipo hasira yangu ilipo," Dilruba alisema. "Kuna mwanamke atauza mbuzi wake anunue hiki, kwa neno lako. Na hujamwambia popote kwamba unalipwa. Ungefanyiwa wewe hivyo, Morjina?"

Morjina alikuwa na hasira bado, ila sasa hakujua amkasirikie nani.

Usiku aliliandikia duka ukweli wote. Alieleza ndugu walifanya nini na kwa nini, na kwamba yeye hakuyasoma masharti. Hakujitetea. Asubuhi Jobeda naye aliwapigia simu dada zake, akawaomba waache kubonyeza. Mmoja alikasirika, akauliza tangu lini msaada wao umekuwa uchafu. Jobeda alimjibu, "Ukitupenda, usiguse." Akakata simu, akakaa na machozi yake.

Jibu la duka lilichelewa. Kamisheni zilizozuiwa hazitarudishwa. Lakini Morjina aliruhusiwa kuomba upya, kwa jina lake mwenyewe, na atachunguzwa. Alipiga meza kwa ngumi. Miongoni mwa wanunuzi wale walikuwepo wa kweli, na jasho lake kwa hao lilipotea pia. Dilruba alikubali kwamba inauma. Kesho yake alimletea cherehani kile alichokisifu Morjina, amekiazima kwa mtu, ili akijaribu.

Morjina alikishonea kwa siku kadhaa. Kilikuwa kinaruka mishono kwenye kitambaa kizito. Akaandika hivyo hivyo. Juu ya kila ukurasa aliweka maneno haya: "Ukinunua kupitia kiungo changu, duka hunilipa. Wewe huongezewi bei. Nisichokishonea sikisifu." Akayasoma masharti mstari kwa mstari, Ruhul akishika taa umeme ulipokatika. Dilruba alimwonya pia asiache kushona nguo za majirani, na asitegemee duka moja, kwa kuwa duka laweza kubadilisha masharti wakati wowote.

Aliomba upya, akachunguzwa, akakubaliwa. Kamisheni zilirudi polepole. Safari hii zilitoka kwa watu asiowajua. Mwanamke mmoja wa Kurigram aliandika kwamba alitaka kununua kile cherehani kinachoruka mishono, akasoma, akachagua kingine. Morjina alimsomea Jobeda ujumbe huo mara mbili. Kiwanda kilipopiga simu tena, alisema nafasi yake apewe binti mwingine. Tuli alikuwa amemlalia mapajani.

Dilruba alikuja siku hiyo kuchukua cherehani cha kuazima. Jobeda hakuwa amesema naye tangu ile jioni. Alimwekea bakuli la mtindi mtamu bila kumtazama, na lilipoisha akamwongezea. Dilruba alipoaga, Jobeda alimfuata mpaka langoni.

"Uliniumbua nyumbani kwangu," alisema. "Bado nina hasira nawe."

"Najua, Shangazi."

"Na haiishi kwa siku moja." Jobeda alimtengenezea mtandio uliomteleza begani. "Njoo tena Ijumaa. Na uje na njaa."