Kompresa Kwenye Kona ya Marehemu

Kompresa, mashine ya kubana hewa, ilifika nyumbani kwa Solofo, mjini Antsirabe, Alhamisi ya pili ya Januari, jua likizama. Ililetwa kwa puspus, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu, ikiwa imefungwa kamba pale anapokaa abiria.

"Abiria gani huyu, mzito na hana hata salamu," alisema mvutaji akifuta jasho.

"Subiri nimwashe," Solofo alimjibu. "Atakusalimia mpaka uzibe masikio."

Solofo ni mume wa dada yangu, Vololona. Hupaka rangi puspus nyumbani kwake. Karakana iko chini, familia inaishi juu. Miaka yote alitumia brashi, na wateja walikuwa wameanza kumkimbia kwenda kwa wenye mashine za kupulizia. Sasa na yeye alikuwa na yake. Mimi niliitwa kuvuta nyaya. Kilichobaki ni kuamua mashine ikae wapi.

Tulianza na chini ya ngazi. Vololona alikataa kabla hatujaishusha. Binti yao Mialy, wa miaka mitano, hulala chumba cha juu ya ngazi hizo.

"Itamtikisa mtoto mpaka meno yadondoke."

"Basi ukuta wa jikoni," nikasema.

"Thina ya rangi na jiko la mkaa, kaka? Unatutakia mazishi?"

Nje, chini ya upenu, kulikuwa na mvua ya kila alasiri na wezi wa kila siku. Kando ya meza ya rangi Solofo mwenyewe hakutaka.

"Hii inavuta hewa ya pale ilipo," alinieleza. "Ukiiweka penye uchafu, inavuta uchafu. Inaubana, inautunza ndani, halafu inakurudishia."

Ikabaki kona moja. Ilikuwa kavu, ya baridi, karibu na soketi, mbali na rangi. Wote tulikuwa tumeiona tangu mwanzo. Hakuna aliyeitaja.

Ilikuwa kona ya kaskazini-mashariki.

Katika nyumba zetu kona hiyo ni ya waliotangulia. Hapawekwi viatu wala ndoo ya taka. Chupa ya ramu ikifunguliwa, tone la kwanza humwagwa hapo. Na katika kona hiyohiyo, mwezi wa Agosti uliopita, ndipo alipofia baba yake Solofo.

Mzee Razafy alikuwa mchonga vito. Maisha yake yote aliinamia gurudumu la kusagia mawe, na vumbi la mawe likamjaa mapafuni. Aliposhindwa kupanda ngazi, walimtandikia kitanda chini, kwenye kona. Alikata roho ameketi, mikono miwili imeshika ukingo wa kitanda, kinywa wazi. Nilikuwepo. Hakuwa na maumivu. Alikuwa na njaa ya hewa.

"Hapo hapana," alisema Bi Lalao, mama yake Solofo, kutoka kwenye ngazi.

"Mama, nitaomba ruhusa. Nitamwaga ramu."

"Ramu kila mtu anaijua kuimwaga. Utasema nini?"

"Nitasema kama wanavyosema watu."

Alimwaga ramu. Akavua kofia, akasema kama wanavyosema watu. Maneno hayo tunayasema juu ya mchele mpya, juu ya ng'ombe mpya, juu ya mlango mpya. Yanatoka mdomoni yenyewe.

"Baba, hii ni mashine yangu. Kitakachotoka humu ni chako pia. Njoo tutumie wote."

Bi Lalao alijiziba mdomo kwa ncha ya shuka lake.

"Umeshasema?"

"Nimeshasema, mama."

"Haya," akasema. Akapanda juu.

Tuliiwasha. Ilinguruma mpaka vioo vikacheza. Mshale wa geji ulipanda, ukafika juu, mota ikazima yenyewe. Tangi limejaa. Solofo alichomoa plagi, akalipigapiga tangi kama mtu anavyompiga farasi shingoni. Tukapanda kula.

Tulikuwa kwenye wali na mboga za majani, Mialy akimmiminia mdoli wake maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, tuliposikia sauti chini.

Tsss...

Kimya.

Tsss...

Kimya.

"Inavuja," alisema Solofo.

"Mpya?" akauliza Vololona. "Au umeuziwa ya marehemu?"

Alisema kwa mzaha.

Nilishuka na tochi. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kwenye koki, kwenye mpira wa upepo. Penye tundu povu hutoa mapovu. Hapakutoa kitu. Lakini mshale ulikuwa unashuka. Nimeona uvujaji mwingi. Mshale hushuka taratibu bila kusimama. Huu ulishuka kidogo, ukasimama. Ukashuka kidogo, ukasimama.

Kulikuwa na harufu. Jiwe lililoloa, na ile dawa ya kafuri ya kuchua kifua.

Nilizima tochi. Sijui kwa nini nilizima.

Tsss...

Sauti haikutoka kwenye mashine. Ilitoka mbele ya mashine. Kama pale ambapo mtu angekuwa ameketi.

Nilipanda juu, nikasema sikuona tundu. Mengine sikuyasema.

Asubuhi tangi lilikuwa tupu. Solofo alifungua koki ya chini kumwaga maji. Kila kompresa hukusanya maji kidogo. Hutoka meupe, au na kutu. Yetu ilitoa uji wa kijivu. Bi Lalao alichovya kidole, akausugua kwa dole gumba, akanusa.

"Huu ni wa gurudumu la baba yako."

"Mama, ni vumbi la sakafu. Mashine inavuta hewa ya pale ilipo."

"Ndicho ninachokwambia."

"Unaniambia nini?"

"Kwamba umemkaribisha mtu ambaye hakushiba, na ukamwambia kila kitu ni chake." Alijifuta kidole kwenye ukuta. "Itoe."

Solofo hakuitoa siku hiyo. Alikuwa na puspus mbili za kumaliza. Alipulizia rangi mchana kutwa, nyekundu na buluu, mpaka ukungu wa rangi ukapanda ngazi na kutoka madirishani. Jioni akajaza tangi, akachomoa plagi. Tukasikia tena. Safari hii kwa haraka zaidi.

Jumamosi mchana akasalimu amri. Tulimwaga upepo wote, tukaibeba nje, tukaiweka chini ya upenu upande wa magharibi, tukaifunga mnyororo na turubai. Bi Lalao alifagia kona, akarudisha pale kibakuli cha asali ya waliotangulia. Vololona alisema angalau jioni hiyo tutakula bila kelele.

Mvua ilianza kabla ya giza. Umeme ukakatika mtaa mzima. Vololona aliwasha mshumaa, akamwita Mialy aje kula.

Mialy hakujibu.

Tulimkuta kitandani. Ameketi. Mikono yake miwili imeshika ukingo wa kitanda, kinywa wazi, mabega yakipanda na kushuka. Hakuwahi kuugua kifua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

Alivuta hewa. Akasimama. Akavuta. Akasimama.

Niliijua ile kasi.

"Mialy! Mama, nitazame. Umekula nini? Umemeza kitu?" Vololona alimshika uso.

Mtoto alitikisa kichwa. Alinong'ona, na ilibidi tuiname wote kumsikia.

"Babu anaomba."

"Anaomba nini, mwanangu?"

"Yangu."

Solofo alitoka mbio kutafuta puspus ya kwenda hospitali. Alirudi ameloa mpaka mfupani. Barabara ilikuwa mto. Wavutaji wote walikuwa wamekimbilia vibarazani na hakuna aliyekubali.

"Nitambeba mgongoni," akasema.

"Kwenye mvua hii, na kifua hicho?" Bi Lalao alisimama mlangoni, akamzuia kwa mkono. "Hatafika. Irudisheni."

"Mama, mtoto anakufa unaniambia habari ya mashine?"

"Baba yako alikuwa anakunywa pale. Mmemnyang'anya. Irudisheni, Solofo!"

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na maneno ya kubishana. Nikamtazama Mialy, nikashuka ngazi.

Tulikata mnyororo kwa sababu Solofo hakukumbuka ufunguo ulipo. Tuliiburuta kompresa kwenye tope mpaka ndani, mpaka kwenye kona, tukakipindua kibakuli cha asali. Solofo akachomeka plagi, akabonyeza swichi.

Kimya. Umeme haukuwepo. Tangi lilikuwa tupu. Tulikuwa tumelimwaga wenyewe.

Juu, mtoto alivuta hewa kwa sauti ya msumeno.

Solofo alitazama huku na huku. Kisha akachukua pampu ya baiskeli kutoka kwenye msumari wake ukutani. Aliuingiza mpira wa pampu kwenye mdomo wa tangi, akauzungushia waya, akaanza kupiga. Kwa nguvu zote, uzito wote, kama mtu anayetwanga. Mimi nilimulika geji.

Mshale ulitikisika. Ukapanda upana wa unywele mmoja.

Tsss...

Ukaanguka.

Alipiga tena. Ukapanda. Ukaanguka. Kila alichoingiza kilichukuliwa. Harufu ya jiwe lililoloa ilijaa chumba. Shati la Solofo lilikuwa limegandana na mgongo, na alikuwa anahesabu kwa kunong'ona bila kujua kwamba anahesabu.

"Nipokee, shemeji."

Nilimpokea. Nilihisi pampu inavutwa. Nimesema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kila nilipoushusha mpini, kitu upande wa pili kilikuwa tayari kinasubiri.

"Ameacha!" Vololona alipiga kelele kutoka juu. "Solofo! Mtoto ameacha kuvuta!"

Solofo alipiga magoti kwenye kona. Hakuvua kofia. Hakumwaga kitu.

"Baba, mwache. Yeye mdogo. Chukua yangu."

"Usiseme!" Bi Lalao alikuwa ngazini. "Usiseme hivyo hapo! Solofo, yarudishe maneno!"

Umeme ukarudi.

Taa iliwaka, mota ikanguruma, mshale ukapanda. Juu, Mialy alikohoa, akalia. Kilio kirefu, cha kifua kizima. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Nimejiuliza mara nyingi kipi kilitangulia, umeme au kilio. Vololona anasema kilio. Alikuwa amemshika, na anasema taa zilikuwa bado hazijawaka.

Jumapili tulimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza baba anafanya kazi gani. Tukamwambia. Akakasirika.

"Mnapulizia rangi chini ya chumba cha mtoto, halafu mnashangaa? Hiyo ni pumu, imeamshwa na rangi. Hamisheni karakana kabla hamjanizoesha sura zenu."

Maelezo hayo yanatosha. Nimeyasimulia kwa watu wengi na yametosha. Solofo alijenga kibanda cha kupakia rangi uani, mbali na nyumba. Mialy hajabanwa tena. Anakimbia, anapiga filimbi, anamaliza hewa yake kwa kubishana na bibi yake.

Kompresa ilibaki kwenye kona, na mpira mrefu ukapitishwa ukutani mpaka uani. Tangu Jumamosi ile haijavuja. Fundi aliyeikagua hakuona tundu, wala dalili kwamba lilikuwepo. Solofo anasema labda kiungo kilijikaza tulipoiburuta. Inawezekana. Ukiijaza Ijumaa, Jumatatu mshale uko palepale.

Mwezi wa Machi Solofo alianza kukohoa. Hospitali waliandika: rangi. Alinunua barakoa nzuri. Mwezi wa Mei akaacha kupanda ngazi kwa mkupuo mmoja. Anasimama katikati, anashika ukuta, anatania kwamba nyumba imeongezwa urefu. Mara mbili nimemkuta ameketi karakana peke yake jioni, na nikanusa dawa ya kafuri. Nilimuuliza Vololona. Alisema hakuna dawa ya kafuri nyumbani. Waliitupa yote baada ya mazishi.

Nilimwomba Solofo aiondoe ile mashine.

"Niiweke wapi, shemeji?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Alisema taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Nje? Tuliiweka nje. Chini ya ngazi, anapolala Mialy? Niambie wewe. Wapi?"

Niliangalia kuta zote, mmoja baada ya mwingine.

"Maneno niliyasema mwenyewe," akasema. "Mtoto anapumua. Iache."

Bi Lalao hapandi tena juu kabla mwanawe hajapanda. Kila jioni hukaa ngazini, shuka mabegani, akitazama kona. Nilimuuliza kama maneno hayawezi kurudishwa.

"Aliyeambiwa ndiye wa kuyarudisha," alisema. "Muombe, kama unamsikia."

Jumamosi iliyopita niliwatembelea, giza linaingia. Umeme ulikatika nikiwa mlangoni. Mialy alikuwa ngazini kando ya bibi yake, anakula mkate wa mchele, anaimba mdomo ukiwa umejaa. Pampu ya baiskeli ilikuwa kwenye msumari wake.

Solofo alikuwa ameketi kwenye kona, juu ya kigoda, mgongo umegusa tangi. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika ukingo wa kigoda.

Tsss...

Kimya.

Tsss...

"Ni wewe?" nilinong'ona.

Alinionyesha kwa kichwa kwamba nisubiri. Hakuwa na pumzi ya kunijibu.

Nilisubiri naye gizani mpaka umeme uliporudi. Taa iliwaka. Plagi ilikuwa imechomekwa na swichi ilikuwa imewashwa, lakini mota haikuwaka. Niliangalia geji. Tangi lilikuwa limejaa, halijapoteza hata pumzi moja.