Nilimwandikisha Kaka Wimbo wa Mdogo Wake

Nina miaka sabini na mitatu, ndugu wasomaji, na shule niliishia darasa la pili; haya naandikiwa. Mimi ni Somoe binti Mbaraka wa Kiranjeranje. Nilizaa wawili: Mohamedi mkubwa, Salumu mdogo. Mmoja yuko gerezani, mwingine taya limepasuliwa... na mwenye kosa ni mimi!

Salumu analima ufuta, lakini Mungu alimjalia kutunga. Mkewe Fatu alipofariki kwa uzazi, yeye na mtoto, alimtungia wimbo, akawa analia nao shambani. Mohamedi, mwenye sauti, akaupeleka kwenye bendi yake Lindi mjini. Ukapendwa! Harusini, redioni, kwenye mabasi...

Kisha Mohamedi akaja na bwana wa kuandikisha nyimbo, anataka shahidi wa familia. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Akaeleza kwamba wimbo ukipigwa redioni au ukumbini, mtunzi analipwa mirabaha. Nani katunga? Salumu yuko shambani, Mohamedi anatazama chini. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa, hata kuoa. Nikasema, "Andika Mohamedi." Nikaweka dole gumba. Nilidhani ni heshima tu... kumbe nampokonya mtu wimbo wake!

Salumu alipojua aliniomba, "Mama, twende ukaseme kweli."

"Nyamaza, utamwaibisha kaka yako."

Mara tatu aliniomba, mara tatu nikamnyamazisha. Nilikuwa na moyo gani mimi?

Asubuhi moja tunabangua korosho, redio ikamhoji Mohamedi. Wimbo ulimtungia nani? Akacheka. "Aa, demu mmoja wa mjini, alinizingua!"

Salumu akaacha korosho, akaingia ndani. Siku mbili hakula.

Ijumaa, baada ya swala, Mohamedi akaja na sukari yangu. Hata kukaa hakukaa. Salumu akamvamia uani na panga. "Fatu ni demu wa mjini? Sema tena, kaka! Sema!" Pigo la kwanza begani. La pili tayani, meno yakamwagika mkekani. Nikajitupa katikati, vidole vyangu viwili vikaenda. Yallah! Damu ile sikujua ipi yangu, ipi ya wanangu...

Mohamedi hataimba tena, wala kwangu haji. Salumu kafungwa. Kweli nimekwisha kuisema ofisini kwa yule bwana wa nyimbo, jina limebadilishwa, lakini imenifaa nini?

Nawasihi, enyi wazazi. Mkubwa mpeni kiti, mpeni kipande cha kwanza cha nyama. Jina la mtunzi mwachieni mtunzi! Mimi nilikimbia aibu ya siku moja. Idi iliyopita nilipika pilau, nikala peke yangu.