Kisu Kisicho na Mfuo wa Ukucha

Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniambia natia chumvi. Laiti ningekuwa natia chumvi.

Ilianza Jumamosi asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Dada alikuwa anapiga pasi sare za watoto, mimi nakunja, redio inajisemea yenyewe jikoni. Shemeji alikuwa na wageni wawili sebuleni na, kama ilivyokuwa desturi yake, alikuwa ameshawatolea kisu.

Kisu hicho alikiweka ndani ya kisanduku cha kioo juu ya kabati la vyombo, kimefungwa kwa kikufuli kidogo ambacho ufunguo wake aliuvaa shingoni. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mti mwekundu, sawa na maelfu tuliyotengeneza kiwandani kwetu. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ubapa wake haukuwa na mfuo wa ukucha, ule mstari mfupi unaochimbwa karibu na mgongo wa ubapa, ambapo mtu hutia ukucha wa kidole gumba na kuvuta kisu kikafunguka. Bila mfuo huo huna pa kushika. Springi ni ngumu, na chuma kimesuguliwa kinateleza kama sahani yenye mafuta.

Shemeji alikuwa akimpa mgeni kisu na kumwambia neno moja, fungua. Mgeni angehangaika, angekwaruza, wengine walijaribu hata kwa meno. Shemeji angekaa amevuka miguu akitabasamu. Kisha angekichukua, akakifuta kwa kitambaa na kusema kwamba kiko kimoja tu duniani, na kwamba kuna watu wangeuza kitanda wanacholalia ili wakipate. Dada alikuwa akisikia maneno hayo anabonyeza pasi kwa nguvu zaidi. Kwake kisu kisichofunguka hakikuwa na tofauti na kijiti.

Shemeji alikuwa mkaguzi. Kiwandani tulimwita Macho, maana hakuna kasoro iliyompita. Kila kisu kilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwetu idara ya kufungasha. Alipima makali kwa ukucha wake, aliuburuza juu ya ubapa taratibu, na ukucha ulimwambia kila kitu. Sheria ya kiwanda ilikuwa fupi: kisu chenye kasoro hakitoki nje. Mkaguzi anakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, na kukivunja kwa nyundo mbele ya shahidi mmoja. Kabla ya kuvunja anaandika kwenye kitabu cha vilivyokataliwa: kasoro gani, mashine gani, siku gani, sababu gani. Shemeji amevunja visu hadi hesabu imempotea. Hicho kimoja alikitia mfukoni.

Na nitasema kwa nini.

Mifuo yote ya ukucha iligongwa na mashine moja, chini ya mikono ya mwanamke mmoja. Tulimwita Kushoto kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Mashine ilikuwa imeundwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, na visu vyetu pia: mfuo uko upande mmoja tu wa ubapa, upande linapofikia gumba la kulia. Kushoto alikuwa akitania kwamba amegonga mifuo laki moja na hata mmoja haumfai. Iko siku atajigongea wake, alisema. Tulikatazwa kupaka rangi kucha kazini. Yeye alipaka mmoja, wa gumba la kushoto, rangi nyekundu ya kuwaka. Msimamizi alipomuuliza, alijibu kwamba tisa ni za kiwanda na huo mmoja ni wake. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Asubuhi ya ajali yake nilikuwa nimepeleka maboksi matupu karibu na mashine yake. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia shemeji kwamba mashine inashuka yenyewe bila kukanyagwa, na imeshafanya hivyo mara mbili. Mkaguzi huwa na kadi nyekundu mfukoni. Akiitundika kwenye mashine, hakuna anayeigusa mpaka fundi aje. Shemeji aliangalia saa yake, akamwambia amalizie kwanza trei ile. Saa nne na dakika chache, mashine ikashuka.

Sitaeleza nilichokiona. Ubapa uliokuwa mle ndani haukugongwa, kilichogongwa ni mkono. Katika ile patashika mtu alikusanya trei na kuisukuma mbele, kwa mazoea tu. Jioni kisu kile kikafika mezani kwa shemeji kikiwa kimeunganishwa, kinang'aa, kimefumba. Kukivunja kungemlazimu kuandika sababu, ndipo akakitia mfukoni.

Ripoti ya shemeji ilisema kwamba mfanyakazi alitumia mkono usio sahihi kinyume cha maelekezo. Jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kuwa mfano wa uzembe. Kidonda chake kilioza, na wiki ya tatu tukamzika. Tangazo halikubanduliwa. Meneja aliniita akaniuliza kama nilisikia lolote asubuhi ile, nikasema sikusikia. Shemeji ndiye aliyeniombea kazi. Hilo ndilo jibu langu, na mpaka leo sijapata lililo bora.

Basi Jumamosi ile wageni wakaondoka. Shemeji akakirudisha kisu kwenye kisanduku, akafunga, akaja kukaa nasi. Dada alikuwa anamalizia kola ya mwisho. Ndipo tuliposikia sauti kutoka sebuleni. Tak. Ni sauti ya kisu kinapofika mwisho wa kufunguka, na anayefanya kazi pale kwetu hahitaji kuisikia mara mbili.

Tulikwenda watatu. Kufuli lilikuwa limefungwa. Kisu kilikuwa wazi ndani ya kioo, ubapa umesimama. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika chache.

Shemeji alimtazama dada kana kwamba ni mwizi. Alisema kuna mtu anachezea kitu chake. Dada alimwonyesha kwa kidole ufunguo uliokuwa unaning'inia shingoni mwake mwenyewe. Kesho yake kikafunguka tena, saa ile ile. Jumatatu ukucha wa gumba la kushoto la shemeji ulikuwa mweusi kwenye shina. Jumatano, akifunga vifungo vya shati, ulidondoka sakafuni. Haukutoka damu. Chini yake nyama ilikuwa laini na kavu, kama haijawahi kuwa na ukucha. Dada aliufagia pamoja na makombo.

Daktari alisema ni fangasi, akampa dawa ya kupaka. Alipaka kwa bidii. Wiki iliyofuata ukaenda ukucha wa kidole cha shahada.

Bado hakukiondoa kisu. Badala yake alimwita mzee mmoja mkusanyaji wa visu, mtu mpole mwenye kioo cha kukuzia vitu, aje aseme kama kinafaa kutunzwa. Mzee alikigeuza geuza kwa muda mrefu. Alisema kasoro ya namna hii haitokei mara mbili, kwa hiyo kina thamani kuliko visu vizima elfu. Alimwonya asikinoe wala kukichonga mfuo, kwani kikirekebishwa kinakuwa kisu tu. Shemeji alivimba kichwa. Kisha mzee akasogeza kioo chake karibu na pini inayoshika ubapa, na sura ikambadilika.

"Umekuwa ukikifungua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Shemeji akasema hakifunguki.

"Pini hii imelika. Hiki kimefunguliwa kwa miaka." Alikiweka mezani, akafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja. Alisema kina thamani sana, ila yeye hakihitaji. Alitoka bila kunywa hata maji aliyoletewa.

Shemeji alichosikia ni neno thamani tu. Nilimchukia siku hiyo, nakiri.

Kucha ziliendelea. Mkono wa kushoto uliisha, ukaanza wa kulia. Kiwandani alivaa glavu, lakini mkaguzi asiye na kucha hapimi makali, na visu vibovu vikaanza kutupita mpaka kwenye maboksi. Watu waliacha kumwita Macho. Nyumbani dada ndiye aliyemfunga vifungo, akammenyea machungwa, akamwokotea kila kilichoanguka. Alikuwa amekonda. Jioni moja alinivuta nyuma ya nyumba na kuniuliza, kwa mnong'ono, Kushoto alisema nini asubuhi ile.

Nikamwambia. Dada akaniambia niende na mumewe kiwandani nikamshuhudie akikivunja. Alisema nikishindwa, nisikanyage tena mlangoni kwake.

Tulikwenda Jumamosi; shemeji alikubali kwa hofu ya kucha zake. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, mlinzi alitufahamu akatufungulia. Umeme ulikuwa umezimwa kwenye swichi kubwa. Mwanga uliingia kupitia vioo vya paa, mweupe, ukaangukia meza ya ukaguzi. Shemeji alikuwa amebakiwa na ukucha mmoja, wa gumba la kulia. Alikibana kisu kwenye jiliwa kikiwa kimefumba. Akachukua nyundo.

"Andika kwanza," nilimwambia.

Alifungua kitabu. Kasoro: hakina mfuo. Akaandika. Mashine, akaandika. Siku, akaandika. Alipofika kwenye sababu, kalamu ikasimama.

"Nikiandika hapa nimejimaliza," alinong'ona. "Na wewe, shemeji? Utaulizwa ulikuwa wapi."

Akanisukumia kalamu. Niandike mimi, alisema, kama ninajiona mwema.

Niliitazama kalamu ile. Maneno yalikuwa machache mno. Mashine ilishuka yenyewe, aliripoti, hakusikilizwa. Hayafiki hata mstari mmoja. Kutoka pale nilikuwa naliona tangazo ubaoni, karatasi imeshakuwa ya njano, jina la rafiki yangu juu yake. Nikaona pia mshahara wangu, chumba changu, dada akiachwa na mume aliyefungwa. Mikono yangu ilikuwa na kucha zote kumi, safi.

Nikaiweka kalamu chini.

Tak.

Ilitoka nyuma yetu. Si kisu. Ilikuwa nzito zaidi. Mashine ya mifuo ilikuwa imeshuka. Umeme umezimwa. Hakuna mtu. Ikapanda polepole. Ikanyamaza. Hatukugeuka, si mimi wala yeye. Nilisikia harufu ya mafuta ya mashine, na ndani yake harufu nyingine, kali, tamu. Rangi ya kucha ikiwa mbichi.

Shemeji alianza kulegeza jiliwa. Kisu kilikuwa wazi. Sikuwa nimekisikia kikifunguka. Na ubapa ulikuwa na mfuo.

Ulikuwa mfuo safi, mzuri, wa mkono unaojua kazi. Ila haukuwa upande wetu. Ulikuwa upande wa pili, ambao hakuna mashine yetu inayoufikia. Upande wa gumba la kushoto.

Nilidhani atapiga magoti. Nilidhani atalia, hata kwa kujifanya. Shemeji aliupapasa mfuo ule kwa kidole kisicho na ukucha, akaugeuzia mwanga, na akatabasamu lile tabasamu lake la sebuleni.

"Sasa ndiyo kiko kimoja tu duniani," alisema.

Ukucha wake wa mwisho ukadondoka juu ya kitabu, katikati ya ile nafasi ya sababu. Aliupangusa kwa kiwiko, akafunga kitabu, akakitia kisu mfukoni.

Siku hizi hafanyi kazi. Anakaa nyumbani, amevaa soksi mikononi, anamsubiri mkusanyaji wa visu ambaye ameshaitwa mara tatu na hajaja. Dada anamlisha, anamvisha, hazungumzi naye. Mwezi uliopita dada alikuja kwangu na kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Hakukaa. Aliniambia nikae nacho mimi, maana mimi ndiye shahidi. Nilitaka kumkumbatia akarudi nyuma.

Nilikitia ndani ya kopo la biskuti, nikaweka kopo chini ya nguo kabatini. Kwanza nilijaribu gumba langu kwenye ule mfuo. Halikuenea. Mfuo ni mwembamba, wa mtu mwenye vidole vidogo kuliko vyangu. Kila asubuhi, saa nne na dakika chache, kama niko nyumbani nakisikia kikifunguka humo ndani. Kama niko kazini nakisikia vilevile.

Jana nililitoa kopo. Kisu kilikuwa wazi. Ndani ya mfuo kulikuwa na kijistari cha rangi nyekundu, imekwaruzika, kama ya ukucha wa mtu aliyevuta kwa haraka. Niliikwangua. Ilikuwa bado mbichi.

Kitabu cha vilivyokataliwa kiko palepale juu ya meza ya ukaguzi, na ile nafasi ya sababu iko wazi. Tangazo nalo liko ubaoni. Napita mbele yake mara mbili kila siku, nikiingia na nikitoka, nimetia mikono mifukoni. Kesho nitaandika. Nilisema hivyo hivyo nilipokuwa bado na kucha kumi.