Kurasa za Wimbo wa Mwisho

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, siku ya onyesho la kwanza, msimamizi wa jukwaa aliingia ukumbini na kikombe cha chai mkononi, akakuta stendi tano za wanamuziki ziko tupu. Saa mbili kamili alikuwa ameziwekea karatasi za noti za wimbo wa mwisho, moja moja, kwa mkono wake mwenyewe. Sasa hakukuwa na hata kipande.

Alikiweka kikombe chini taratibu, maana alihisi angekitupa.

Wenzake walimwita Bi Saa, kwa sababu kila kitu alikiandikia saa na dakika. Kwa miezi mitatu alikuwa akihangaika na mchezo huu wa nyimbo, kisa cha kijana mtunzi wa muziki anayehangaikia mafanikio peke yake katika chumba cha kupanga. Kijana aliyeutunga alikuwa mtunzi anayehangaikia mafanikio kama huyo huyo wa kwenye mchezo, na hilo lilizidisha usumbufu, kwa kuwa kila aliposahihishwa jambo alijiona anasahihishwa maisha yake.

Mtunzi alipoitwa, alikimbilia sanduku lake la chuma nyuma ya jukwaa. Lilikuwa limefungwa vizuri. Alipolifungua kwa ufunguo wake, nakala ya awali nayo haikuwemo. Alikaa chini sakafuni, akashika kichwa.

"Ulipiga picha kwa simu, kama nilivyokusihi jana?" Bi Saa aliuliza.

Hakupiga. Aliandika kwa mkono, kompyuta ilimkausha mawazo, na simu ilikuwa imeisha chaji. Wimbo wenyewe aliuleta jana tu saa kumi na moja jioni, akautoa ule wa zamani, akasema huu umemjia usiku mmoja. Bendi iliupiga mara mbili, basi. Kichwani alikuwa nao, ila kuandika upya sehemu za vyombo vitano ilikuwa kazi ya siku mbili, na pazia lilipaswa kufunguliwa saa kumi jioni.

Bi Saa akafungua daftari lake na kuanza kuuliza. Watu wa jukwaani wana balaa lao. Ukimuuliza mmoja alikuwa wapi saa mbili na robo, anakuanzia na utoto wake.

Wa kwanza alikuwa mwimbaji mkuu, waliyemwita Sauti. Jana aligombana na mtunzi mbele ya watu wote, akidai wimbo mpya uko juu mno, utamharibu koo. Kwenye mkoba wake kilikutwa kijikaratasi cha wimbo huo huo. Bi Saa alikifungua akakuta maneno matupu, bila noti. Sauti alieleza kwamba karatasi za maneno hazikuguswa na mtu. Za waimbaji wote bado ziko kwenye viti vyao, akaangalie. Akaenda kuangalia. Kweli zilikuwepo zote.

Jambo hilo lilimkera kwa sababu hakulielewa. Mtu anayetaka kuharibu onyesho angebeba kila kitu. Huyu alichukua noti, akaacha maneno.

Wa pili alikuwa mzee mpiga piano, aliyemfundisha mtunzi muziki tangu akiwa mtoto. Kwenye kapu la taka karibu na piano yake kulikuwa na karatasi zilizochanwa vipande vidogo vidogo. Bi Saa alipiga magoti, akaviunganisha kwa nusu saa nzima huku mzee akimtazama. Ilikuwa barua ya kuacha kazi.

"Ungeniambia tu ni barua," Bi Saa alisema, akijipangusa vumbi.

"Hukuniuliza. Uliingia moja kwa moja kwenye kapu."

Mzee alieleza kwa kifupi. Kwenye mchezo kuna mwalimu mlevi, mwenye wivu, watu wanamcheka kila anapotokea. Alijiona yeye. Aliandika barua, kisha akaona haya kuwaacha wenzake siku ya onyesho, akaichana. Wakati wa chai, saa mbili na dakika ishirini hadi saa tatu kasorobo, alikuwa mezani na bendi nzima. Wote walimshuhudia. Sauti naye alikuwepo, akilalamikia koo lake.

Ulibaki ufunguo. Mtunzi aliapa kwamba haujatoka mfukoni mwa koti lake. Bi Saa akamuuliza, kwa subira iliyokuwa inamwishia, koti lenyewe lilikuwa wapi asubuhi. Mtunzi akafikiri. Lilikuwa limekatika kifungo, alilipeleka chumba cha mavazi saa mbili na dakika tano, akalichukua baada ya chai.

Hakuliona hilo kuwa jambo la kutaja, kwa sababu fundi wa mavazi ni dada yake.

Bi Saa aliandika. Fundi huyo hakunywa chai na wenzake, desturi yake ilikuwa kunywea kwenye cherehani. Saa tatu na dakika ishirini, alipokuwa akipekua chumba chake kama vyumba vingine, alimkuta anashona huku akiimba puani wimbo ule ule wa mwisho, kwa sauti ya chini. Wakati ule hakujali, kila mtu alikuwa akiuimba hivyo tangu jana. Sasa kalamu ilimsimama mkononi. Wimbo wa mtunzi uliishia kwenye ubeti wa pili, na wanamuziki walinung'unika kwamba unakatika ghafla. Dada yake hakukomea hapo. Aliendelea, akapanda mahali ambapo hakuna aliyewahi kupasikia, kisha akashuka polepole mpaka mwisho.

Saa saba na dakika kumi mchana, Bi Saa alimchukua mtunzi, wakaingia chumba cha mavazi, akafunga mlango.

"Dada," alisema, "huo wimbo unaishaje?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Hakujitetea. Aliinuka, akavuta boksi la karatasi za kukatia vitambaa, na katikati ya mifano ya mikono na kola akatoa kurasa zote, zimenyooshwa vizuri.

"Sijazichana," alisema. "Nilitaka tu zisipigwe."

Mtunzi alianza kupayuka kuhusu kazi ya maisha yake. Bi Saa, aliyekuwa amechoka kusikia habari za maisha yake, alimwambia anyamaze.

"Maneno ni yako, lakini sauti yake nilimtungia mwanangu," fundi alisema, akimtazama mdogo wake. "Aliishi siku kumi na tisa. Wewe ulikuwa unalala chumba cha pili. Jana nimekaa hapa napiga pasi, nikausikia ukutani, unapigwa kwa piano na tarumbeta."

"Sikukumbuka ni wako," mtunzi alisema. "Nilidhani umenijia."

"Huenda. Lakini mimi sikusahau. Miaka minne umekula mezani kwangu. Nimeketi hapa miezi mitatu nikiushonea mchezo wako nguo, nikingoja nione dada yako anatokea ukurasa gani. Kijana wako anaishi peke yake, anajipikia, anajifulia. Sawa, hilo nililimeza. Kisha ukamchukua na mtoto."

Akaweka kurasa mezani, mbele yake. Alisema ziko hapo, wanaotaka kuzipiga wazipige, yeye hana nguvu ya kuiba mara mbili.

Bi Saa alitazama saa yake, kwa sababu hakujua pengine pa kutazama. Kazi yake ilimtaka achukue zile karatasi akazirudishe kwenye stendi. Hakunyoosha mkono.

Mtunzi alizichukua yeye. Alisoma ukurasa wa kwanza hadi chini, midomo ikimcheza. Halafu akazikusanya, akaziweka mapajani mwa dada yake.

"Ule wa zamani nao nimeuchana," alimwambia Bi Saa. "Nipe mpiga piano na chumba."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, Bi Saa alichelewesha pazia, dakika ishirini na tano nzima, watazamaji wakipiga miguu sakafuni na Sauti akitishia kwenda nyumbani. Wimbo uliotoka ulikuwa mfupi, ukaimbwa kwa piano peke yake. Ndani yake kijana anabisha mlango wa dada yake, anaomba kulala. Haukuwa mzuri sana. Watu walipiga makofi ya kawaida, mzee mpiga piano akafunga kifuniko bila kinyongo usoni, na msimamizi akapita akizima taa ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima.

Mlango wa chumba cha mavazi ulikuwa wazi. Mtunzi alisimama katikati, hajui aweke wapi mikono.

"Nifanye nini, dada?"

Fundi alimtupia ncha ya pazia refu la velveti.

"Shika huko. Nyoosha kwanza, usikunje ovyo."

Wakawa wanakunja, wanasogeleana, wanarudi nyuma, wanasogeleana tena. Bi Saa aliiacha taa ile ikiwaka.