Baiskeli Katikati Yao

Tembo ndio walioharibu safari. Walikuwa wamejaa njiani, kundi zima na watoto wao, wanang'oa majani taratibu kama watu wasio na pa kwenda, na Okot akajua kwamba njia aliyoizoea leo haipitiki. Akasimama. Nyuma yake baiskeli ya pili nayo ikasimama, na mwanamke aliyeiendesha akainamia usukani.

"Wee baiskeli," alisema, "uliza yule wa mbele, sasa tunapita wapi?"

Huyo ni Enid, mama mkwe wake. Na kabla hujacheka, elewa. Kwa watu wa malezi ya Enid, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hawatazamani usoni. Hawatajani majina. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakiokota. Okot alikuwa mtoto wa mwanajeshi kutoka kaskazini, amezaliwa kambini, amekulia kwenye Kiswahili cha amri. Mila hiyo aliikuta ukweni. Lakini aliishika sana, kwa sababu alimpenda Mackline, na Mackline alimpenda mama yake.

Mackline ndiye aliyepiga simu alfajiri kutoka hospitali ya Bwera. Uchungu umeanza. "Niletee mama," alilia. "Mara ile mama hakuwepo, mtoto akaniponyoka. Safari hii bila mama siwezi, Okot. Siwezi."

Basi alete mama. Lakini kwa gari? Enid hutapika hata kabla dereva hajawasha injini. Baiskeli, hiyo ndiyo damu yake; usichana wake wote alibeba chumvi ya Katwe kwa baiskeli hadi soko la Mpondwe. Na Okot riziki yake ilikuwa kuongoza watalii wa baiskeli, kutoka mji huohuo wa Katwe, pale ziwani, hadi Bwera. Nani angewafundisha njia?

"Mama," alisema sasa, macho kwenye tairi lake, "tunakata kushoto. Tutavuka mto kule chini."

"Baiskeli, mwambie sawa."

Wakateremka. Ziwa Edward lilimetameta kati ya miiba, mara lipo, mara limepotea. Joto lilipanda kutoka ardhini hata vilima vikawa vinacheza. Swala waliinua vichwa, wakawatazama wale wawili wakipita bila neno, wakarudi kwenye majani yao. Chumvi ya Katwe ilikuwa bado midomoni. Okot alijihisi yuko ndani ya usingizi mzuri, ule wa mchana, ambao mtu anasikia kila kitu na hakuna kinachomhusu. Hata akamwona Mackline amesimama mbele kwenye vumbi, amebeba kitu, anatabasamu. Akafumba macho, akafumbua. Vumbi tupu.

"Maji iko?" sauti ya nyuma iliuliza.

"Iko nusu chupa, Mama."

Akaiweka chini, akarudi nyuma, akageuka kutazama milima. Kule juu Rwenzori ilikuwa nyeusi tii kwa mvua. Huku chini jua linachoma, wala wingu hakuna. Alipaswa kulifikiria hilo. Hakulifikiria, alikuwa anasikiliza mama mkwe akinywa, akiomba Mungu maji yamtoshe.

Mto Nyamugasani waliukuta mpole, maji ya magotini. Okot akavusha baiskeli yake kwanza, akairudia ya Enid. Na hapa ndipo walipokosea, wote wawili, kwa heshima zao. Mtu mwingine yeyote angemshika yule mama mkono. Okot alishika usukani mbele, Enid akashika keria nyuma, na baiskeli ikakaa katikati yao, salama na adabu.

Walikuwa katikati ya mto mlio uliposikika. Okot alidhani ni lori.

"Mawe!" Enid alipiga kelele. "Mawe inakuja! Maji ya mulima!"

Maji yakageuka rangi, yakapanda mapajani, yakapanda kiunoni, yamebeba magogo na migomba mizima. Chini yake mawe yaligongana hata mifupa ya miguu ilitetemeka. Okot akakaza usukani. Na Enid, jamani, Enid naye akaikumbatia ile keria! Mto ukaidaka baiskeli ubavuni, ukaizungusha, chuma kikampasua mama muundi, akazama. Kitambaa chake cha kichwa kikaelea kikienda zake.

Okot akaachia usukani.

Enid aliibuka akikohoa, bado ameng'ang'ania chuma, na chuma kinakwenda ziwani.

"Achia! Mama, leta mkono!"

Aliutazama ule mkono. Maji yamefika kidevuni, na bado aliutazama!

"Mackline anakungoja! Leta mkono!"

"Okot!" alilia, jina ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake, akaachia chuma.

Akamdaka. Mkono, kisha kiwiko, kisha kiuno, hakuna mila tena, akamburuta kwenye mizizi ya ng'ambo, wakalala matopeni wakihema. Ilipita muda kabla hawajagundua kwamba bado wameshikana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

"Inauma?"

"Inauma. Funga."

Akachana shati lake, akamfunga muundi. Akampandisha kwenye keria ya baiskeli iliyobaki. Mwanzoni Enid alishika chuma cha kiti. Waliporuka shimo la kwanza akamshika mkwe wake kiunoni, akatulia hivyo. Wakapanda kuelekea Bwera, migomba ikifunga njia juu ya vichwa vyao, na njia nzima baiskeli haikutumwa ujumbe wowote.

Muuguzi mlangoni alishtuka kuona tope lile. Kutoka ndani Mackline alisikika akiita, "Mama! Mama!" Enid akajimwagia maji usoni, akanawa mikono hadi viwikoni, akaingia akichechemea. Okot akabaki nje, kifua wazi, na woga ambao hata mtoni hakuuona. Aliahidi kumleta mama, na mama kaja. Kilichobaki hakikuwa mikononi mwake.

Jua lilikuwa limeinama kidogo mtoto alipolia. Sauti kali, ya hasira. Okot akalia naye bila haya.

Enid akatoka, amebeba furushi la kitenge.

"Mackline?"

"Iko mzima. Anakunywa chai."

Okot akafuta machozi. Kwa mazoea akarudi nyuma hatua, akatafuta kwa macho mahali safi ambapo mtoto atawekwa ili yeye amwokote. Kulikuwa na benchi, akaanza kulipangusa kwa kiganja.

Enid alimtazama usoni.

"Benchi ya nini?" alisema. "Okot. Leta mkono."

Akaleta yote miwili.