Moto wa Kumuaga Bi Kinue

Mlangoni kulikuwa na ndara zisizo za mtu yeyote wa nyumba ile.

Chizuru alizitazama, sufuria ikiwa bado mkononi. Zilikuwa za plastiki ya kijani iliyopauka, za hospitali, zimelowa chapachapa, zimepangwa sawasawa kando ya viatu vya mumewe.

"Baba Honoka, umeleta ndara za nani?"

"Ndara gani?" Tetsuro alijibu kutoka ndani, mdomo umejaa wali. "Mimi fundi bomba, si mwizi wa wodini."

Chizuru alipogeuka hazikuwapo. Palibaki maji sakafuni, na harufu: dizeli, blanketi lililolowa, na mkojo wa mzee aliyeambiwa avumilie kidogo.

Harufu ile aliijua. Walipokuwa bado wanaishi upande wa pili wa nchi, kinu cha nyuklia cha huko kililipuka, na mama mkwe wake, Bi Kinue, akatolewa wodini na kupakiwa kwenye basi na wagonjwa wenzake. Basi lilizunguka mji hadi mji likitafuta hospitali ya kuwapokea. Lilipofunguliwa, Bi Kinue alikuwa amekaa wima kitini, amekufa, na mwenzake wa pembeni bado anamwomba maji. Baadaye wakubwa walisema kwa fahari kabisa kwamba mionzi haikuua mtu. Kweli. Bi Kinue aliuawa na safari ya kuikimbia.

Ndipo wakahamia huku, kwenye mji huu wa theluji, pwani ya magharibi. Huku nako kulikuwa na kinu, kimezimwa tangu mwaka ule wa mlipuko, na sasa kampuni ilitaka kukiwasha. Barabara ya kutoka mjini ni moja, na kila majira ya baridi theluji huifunga. Mpango wa kuwahamisha watu ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi, kwa kuwa kwenye karatasi theluji haianguki. Chizuru alisimama na wanawake wenzake nje ya geti la kinu, bango mkononi, wapita njia wakiwapigia honi na kuwauliza kama nyumbani wanapikia mishumaa.

Madiwani, ambao kura yao ndiyo ingeruhusu kinu kiwashwe, walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Diwani mmoja tu ndiye alikuwa hajasema yuko upande gani, na diwani huyo alikuwa Tetsuro.

"Hatukumuaga," Chizuru alimwambia jioni ile, kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Sikukuu ya wafu tuliwasha moto wa kuwakaribisha hapo mlangoni. Siku ya kuwaaga ulikwenda kula na watu wa kampuni. Ukasema tutawasha ukirudi. Ukarudi umelewa."

"Sasa ndiyo mama akose njia? Mama Honoka, acha mambo ya bibi zako."

Lakini hakumtazama machoni.

Tangu siku hiyo Bi Kinue hakujificha tena. Chizuru alikuta godoro dogo la kukalia mbele ya madhabahu ya familia limelowa na kubonyea katikati. Wali aliouweka pale asubuhi, bado unatoa mvuke, ulipoa papo hapo ukawa mgumu kama changarawe. Na adhuhuri moja, jua likiwa linawaka uani na yeye akiwa ameinama anaosha figili, alisikia nyuma yake pumzi ya mtu aliyechoka, ikipanda na kushuka, ikikaribia bila nyayo, hadi baridi ikamshika kisogoni na kuteremka uti wa mgongo, na maji ya bomba yakaanza kunuka dizeli mikononi mwake, na akataka kupiga kelele lakini ulimi ukawa mzito, na sauti ile aliyokuwa akiisikia wodini kila siku, ya upole, ya kuona aibu kusumbua watu, ikamnong'oneza sikioni:

"Limekuja, mwanangu? Basi limekuja?"

Tetsuro naye alisikia, akiwa bafuni, maji yamemfika shingoni. Alitoka mbio uchi, analia kama mtoto.

Kesho yake alimleta mtawa wa hekalu, Gyokai, aliyefika na pikipiki yake, joho limefungwa kiunoni lisiingie kwenye gurudumu.

"Jini hili litoe, Bwana mtawa," Tetsuro alisema. "Nitatoa sadaka yoyote."

"Jini?" Mtawa alinusa hewa, uso ukambadilika. "Huyu ni mzazi wako, diwani. Anaogopa kuwaacha hapa. Moto wa kumuaga awashe aliyemlisha mara ya mwisho. Kwa mwingine hatatoka."

Wote wakamgeukia Chizuru. Ndiye aliyemlisha vipande vya tunda la pea asubuhi ya mlipuko.

"Nitawasha," alisema. "Lakini kwanza wewe uape. Mkono wako hautanyanyuka kwenye ile kura."

"Mama Honoka, watu hawa walitupokea. Wataniita mgeni asiye na shukrani."

"Apa."

Tetsuro alitazama lile godoro. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka hapo kuja miguuni kwake. "Naapa kwa mama."

Wakatandaza mashina makavu ya katani kwenye kigae mbele ya mlango. Mtawa akaanza kusoma. Chizuru alipowasha kiberiti akamwona: amesimama kwenye moshi, gauni la hospitali limemganda mwilini, blanketi mabegani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, na macho yake makubwa yamemkazia yeye peke yake.

"Niende, mwanangu? Mtakuwa salama?"

Chizuru aliuchochea moto. "Nenda, Mama. Hakitawashwa. Mwanao ameapa."

Bi Kinue akatabasamu. Moshi ukapanda, na harufu ikaondoka nao.

Siku ya kura Chizuru alikaa kwenye viti vya wananchi. Swali lilipoulizwa, Tetsuro alinyanyua mkono taratibu, kama mtu anayeomba kuongezewa chai. Watu wa kampuni wakapiga makofi.

Alimngojea kwenye maegesho. "Uliapa kwa mama!"

"Mama ameshaenda," alisema Tetsuro, akitafuta funguo mfukoni. Alionekana amelala vizuri.

Kinu kiliwashwa katikati ya majira ya baridi. Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imefika madirishani. Taa zilicheza kidogo, zikatulia, na redioni mtu akasema historia imeandikwa. Chizuru alifungua dirisha la juu, na hapo ndipo alipoona barabara.

Ilikuwa imejaa watu. Walipita juu ya theluji laini bila kuacha alama, kimya, wazee kwa watoto, wanaume wa vita vya zamani na wanawake wa makimono ya maziko, kila mmoja amekumbatia kibao cha jina lake kilichofungwa kitambaa cheupe, wakitoka katika kila nyumba ya mtaa, kwa mchinjaji, kwa daktari wa meno, kwa meya, kwenye makaburi yote ya kilimani, foleni moja ndefu isiyosukumana, wakiuacha mji ule wangali na nafasi ya kuuacha. Wafu walikuwa wanahama.

Mbele yao, akiwaonyesha njia kwa sababu alikwisha kuipita, alikuwa Bi Kinue.

"Mama!" Chizuru aliita, theluji ikimwingia mdomoni. "Mama, na sisi je?"

Bi Kinue alisimama. Aligeuka, akamtazama mkwewe aliyemwambia nenda, kisha akainama kwa heshima, kama mtu anavyowainamia watu asiowajua, akaendelea na safari.